Maziwa Yako, Ndama Wangu

Dresa hakuwa mtu wa kukuuliza habari za nyumbani kabla hajakuuliza habari za kitabu. Ungefika kwake Mkonze na vumbi la njia nzima miguuni, umwamkie, aitikie marahaba bila kuinua kichwa, kisha aseme, "Naye hajambo?" Aliyekuwa akijuliwa hali ni kitabu ulichokuja nacho kwapani. Ukijibu kwamba hajambo, alikipokea, akakigeuza, akakipuliza, akakagua kona za kurasa kama mnunuzi anavyokagua kwato mnadani. Ndipo ulipopewa kigoda.

Tulimwita Dresa kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akisafisha na kufunga vidonda katika hospitali ya misheni kule Mvumi, na watu waliopita mikononi mwake walikuwa wengi kuliko waliolijua jina lake. Mimi nililijua, lakini sikulitumia hata siku moja, na sioni sababu ya kuanza leo. Ukoo wake sikuuliza. Kigogo alikizungumza vizuri, ila kwa namna ya mtu aliyejifunza ukubwani, na hilo lilitutosha kujua kwamba hakuzaliwa kwetu.

Vitabu alivipata kwa Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Mzungu akihama aliuza au aligawa asivyoweza kubeba. Watu waligombea masufuria na viti. Yeye alichukua vitabu, vile vya Kiswahili, na mara moja tu alichukua kitanda cha chuma. Kitanda hicho alikiweka ndani ya nyumba yake ya tembe, kila mguu ndani ya kopo la mafuta ya taa ili mchwa wasipande, akavilaza vitabu juu yake na kuvifunika kwa chandarua. Mwenyewe alilala chini, kwenye ngozi ya ng'ombe. Nilipomwuliza kwa nini, alisema mchwa hawali watu.

Utaratibu wake wa kuazimisha aliuchukua kwetu, si kwa misheni. Kwetu Ugogoni mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au mvua ikikosa upande mmoja, atabaki na nini? Huwagawa kwa jamaa na marafiki wawalishe. Anayelisha hunywa maziwa, na samadi ni yake. Ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, anayelisha hupeleka ngozi, ili ionekane kwamba amekufa kweli wala hakuuzwa. Na aliyelisha kwa uaminifu miaka mingi, iko siku mwenye ng'ombe humkatia mtamba mmoja, jike changa ambalo halijazaa, akawa wake.

Dresa aliazimisha vitabu kwa sheria hiyo. Akikupa kitabu alisema, "Maziwa yako, ndama wangu." Ndama ni neno lako juu ya kitabu. Jumamosi alasiri, wenye vitabu walikusanyika barazani kwake, na kila aliyerudisha alisema mbele ya wenzake alivyokiona. Asiyekuwa na la kusema alirudi nyumbani na kitabu kile kile.

Wageni wengi walidhani wataponea kwenye neno moja. Walisimama, wakasema kitabu ni kizuri. Dresa alikuwa na jibu lake kwa hao. "Hata maji ni mazuri. Kaa chini."

Wengine walileta maneno waliyoyasikia kwa mwenzao. Hao aliwajua upesi kuliko mchungaji anavyojua mnyama wa zizi jingine. Hakuwagombeza. Alisema tu kwamba ndama huyu masikio yake yamechanjwa alama kwa fulani, akamgeukia fulani na kumwambia amchukue mnyama wake. Watu walicheka, na aliyeumbuka alicheka nao, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Maneno yaliyosemwa pale barazani mengi nimeyasahau. Machache yamebaki. Kulikuwa na kitabu cha ufugaji wa nyuki, na aliyekiazima ni Mhindi mwenye duka la chumvi na ngozi, ambaye mimi nilikuwa nikimbebea mizigo. Alikuja na shati lake jeupe, akakaa juu ya leso aliyoitandaza, akasema kitabu kimepangwa vizuri, picha zake safi, lakini aliyekiandika hajapata kuumwa na nyuki. Aliulizwa amejuaje. Akasema amesoma mwanzo hadi mwisho na hakuna ukurasa hata mmoja ambapo mtu anakimbia.

Kulikuwa na kitabu cha afya kilichoamuru watu wachimbe vyoo na wachemshe maji. Mkulima mmoja alikirudisha amekasirika. Alisema hajapata kualika mtu nyumbani kwake akamfokea usiku kucha, na kwamba yanayosemwa humo huenda ni kweli, lakini yanasemwa na mtu aliyesimama mlangoni, hataki kuingia. Mwaka uliofuata nilipita kwake nikaona choo kipya. Nilimweleza Dresa. Alifurahi, kisha akasema hilo lisiletwe barazani, maana mtu ana haki ya kukitukana kitabu na kukitii.

Aliyechekesha zaidi ni mshika bendera wa stesheni ya Dodoma. Huyu aliazima hadithi ya mabaharia ambao chombo chao kiliharibika, wakakaa siku nyingi majini, na baadhi yao wakafa kwa kiu. Alikirudisha kabla ya kukimaliza. Alisema mwandishi kalewa. Watu wamezungukwa na maji mpaka macho hayaoni ng'ambo, halafu wafe kwa kiu? Sisi tunaochimba mchanga wa korongo kwa mikono ili tupate kata moja, tulimwunga mkono wote. Tulikihukumu kitabu kile kuwa cha uongo. Mwenye duka alikuwa akitazama kucha zake. Mwishowe alisema kwamba baba yake alikuja kwa njia ya bahari, na maji yale yana chumvi, hayanyweki. Mshika bendera alifikiri, kisha akasema, "Basi kitabu ni kizuri. Bahari ndiyo mbaya."

Huyo huyo ndiye aliyeletewa maafa na mchwa. Aliacha kitabu kingine sakafuni, na alipokikumbuka kilikuwa kimebaki jalada na udongo. Hakujificha. Jumamosi alilifunga lile jalada katika kitambaa, akaliweka mbele ya Dresa kwa mikono miwili, kama mtu aletaye ngozi. Dresa alilipokea, akalishikashika, akauliza kama marehemu alizaa kabla ya kufa. Mshika bendera akasema ndiyo, alikuwa amekwisha kukisoma. "Basi mlete ndama," akaambiwa, na akamleta.

Na alikuwako Mama Yeremia, mjane aliyeuza pombe ya mtama karibu na reli. Hakujua kusoma. Mwanawe alimsomea mashairi ya pwani jioni, mama akipika, na siku ya kurudisha alikuja mama, si mwana. Wanaume walinung'unika. Walisema neno litolewe na aliyesoma. Dresa alisema aliyekunywa maziwa amekunywa, hata kama hakukamua yeye. Mama Yeremia akasimama, akasema mashairi yale ni kama nyama ya shingo, tamu, lakini mwenye meno mabovu asipewe. Kuanzia siku hiyo alikuwa na kigoda chake.

Biblia hakuiazimisha, wala hakupokea neno la mtu juu yake. "Huyo si ng'ombe wangu," alisema. Juu ya Kurani alisema vivyo hivyo mtu alipojaribu kumchokoza.

Nisije nikamfanya mtu mwema tu. Alikuwa mchoyo wa chumvi. Angekupa kitabu bila kukujua, uende nacho mpaka Kondoa, lakini ukimwomba chumvi ya mboga aliguna kama unamng'oa jino. Alitufundisha kunawa mikono kabla ya kushika kurasa, na yeye mwenyewe alivuta ugoro juu ya vitabu vilivyo wazi, hata leo nikikutana na kurasa zenye madoa ya kahawia najua zilitoka wapi. Alidai maneno ya kila mtu. Lake hakulitoa.

Hilo ndilo lililotusumbua kuliko yote. Tulimtega kwa kila njia. Mwenye duka aliwahi kumsifia kitabu kwa makusudi, kitabu tulichojua ni kibovu, ili ashindwe kuvumilia. Alivumilia. Tulipombana alijibu kwamba mwenye ng'ombe hanywi maziwa kwa walishaji wake. Tukaona ni jibu la haki, lakini tuliona pia kuwa ni jibu la mtu anayeziba mlango.

Sasa niseme yaliyonipata mimi pale.

Baba na mama walikufa mwaka mmoja, mvua ikiwa imekosa, vita vya Hitla vikiwa vinaelekea mwisho. Niliacha shule darasa la tatu. Nyuma yangu walikuwa wadogo wangu watatu, wavulana wawili na Sechelela, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba yake ilikuwa imejaa. Shauri lake lilikuwa kwamba mimi niende mashamba ya mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba, wavulana wagawanywe kwa jamaa wakachunge, na Sechelela apelekwe kwa shangazi upande wa Kolo, ambaye hakuna kati yetu aliyemwona. Nikirudi na fedha, alisema, nitawakusanya tena.

Sikulikataa shauri hilo. Nilikuwa nimechoka. Mtu wa kuandikisha manamba alikuwa mjini, na gari moshi lingeondoka Jumatatu. Nilikuwa nimekwisha kusema nitakwenda.

Kitabu nilichokuwa nacho siku zile kilikuwa hakina jalada, tukikiita kitabu cha kaka. Dresa ndiye aliyenichagulia. Kilikuwa hadithi ya nchi ya mbali yenye baridi. Wazazi wanakufa. Kaka mkubwa anawaacha wadogo zake kwa jirani, anakwenda mji mkubwa, anafanya kazi, anatajirika. Mwishoni anarudi katika gari la farasi, na wadogo zake wanatoka mbio kumpokea, yule mdogo kabisa akiwa wa kwanza kumrukia shingoni. Nilikisoma mara mbili. Niliona kimeandikwa kwa ajili yangu, nikakipenda.

Jumamosi ile baraza lilijaa. Baba mdogo naye alikuja, ingawa hakuwa msomaji. Nadhani alitaka kuwa karibu nami nisije nikabadilika. Wengine walikuwa wamekwisha kukisoma kitabu cha kaka, nao walikisemea kwanza. Mwenye duka alisema ni kitabu cha kweli, maana biashara yote duniani ilianzwa na mtu aliyeondoka kwao. Mshika bendera alisema kila siku anawapungia bendera vijana kama huyo kaka, na kitabu hiki kiwekwe stesheni wakisome. Baba mdogo aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Zamu yangu ikafika. Sechelela alikuwa mgongoni, amelala.

Nilisema, "Ni kizuri."

"Hata maji ni mazuri," Dresa alisema. Hakuniambia nikae.

Nilikifungua ili nionyeshe mahali nilipopapenda, pale kaka anapofika. Nilitaka kusoma kwa sauti jinsi wadogo zake wanavyotoka mbio. Nikaanza kutafuta kurasa, na katika kutafuta nikapita pale anapoondoka. Kati ya kuondoka na kurudi, kwa upande wa wale watoto, palikuwa na mstari mmoja tu, unaosema miaka ilipita. Nilikuwa nimeupita mara mbili bila kuuona.

Nikasema, "Hapa pamerukwa."

Dresa aliuliza ni nini kilichorukwa. Nikasema watoto. Kwamba sioni aliyewapikia.

"Jirani," alisema baba mdogo. "Si mmesema kuna jirani?"

Nilisema jirani ametajwa mara moja, siku ya kwanza, baada ya hapo hasikiki tena.

Mshika bendera akasema mwandishi hawezi kuandika kila sufuria iliyoinjikwa. Watu wakacheka, na Mama Yeremia akamwambia kwamba yeye hana haja ya kuandikiwa sufuria kwa kuwa kila jioni anakuta imeivishwa. Wakacheka tena. Mimi nilikuwa bado naangalia ule mstari.

"Na huyu wa mwisho," nilisema. "Kaka alipoondoka alikuwa hajui hata kusema. Kaka anarudi akiwa mtu mzima, anashuka garini, na huyu ndiye wa kwanza kumrukia shingoni. Alimjuaje?"

Mwenye duka alianza kusema kitu juu ya damu, kwamba damu hujuana, akaacha katikati. Sechelela aliamka akalia kidogo, nikamtikisa akanyamaza.

Nilikuwa namtazama Dresa, nikisubiri aseme kama ndama wangu amepokelewa au amekataliwa. Alinyoosha mkono akakichukua kitabu, akakifunga, na badala ya kukiweka pamoja na vingine akaingia nacho ndani. Hakutoka tena. Lilikuwa jambo ambalo hatukuwahi kuliona, mwenye baraza kuwaacha wageni na vitabu vimetandazwa nje. Mwishowe Mama Yeremia alivikusanya akavirudisha chini ya chandarua, nasi tukatawanyika.

Njiani baba mdogo aliniuliza kama kitabu cha Wazungu ndicho kitakachonipangia maisha. Nilimwambia hapana, kitabu kilisema niende. Jumatatu gari moshi lilipiga honi nikiwa shambani, napalilia uwele. Yeye hakusema nami mpaka mavuno, na mavuno yenyewe yalikuwa madogo, na mwaka huo tulikula mlenda zaidi ya ugali. Lakini tuliula wanne.

Dresa hakulizungumza jambo lile tena. Aliendelea kuniazima vitabu, nikaendelea kumlipa maneno. Kitabu cha kaka sikukiona tena kitandani. Nilidhani amekipa mwingine.

Miaka ilipita. Naandika hivyo nikijua nilichowahi kusema juu ya mstari wa namna hiyo, kwa hiyo niongeze kidogo. Mdogo wangu mmoja akawa fundi wa reli, mwingine alibaki na ng'ombe. Sechelela nilimpikia, nikamfulia, nikamsuka nywele vibaya mpaka majirani wakanionea huruma wakanifundisha. Alisoma shule ya wasichana ya misheni, akaanza kujifunza uuguzi katika hospitali ile ile ya Mvumi. Yeye ndiye aliyenitumia habari kwamba Dresa amelazwa wodini kwao, na kwamba anauliza habari zangu.

Nilikwenda. Nchi ilikuwa inangoja Uhuru, na njiani kila mtu alikuwa anazungumza siasa. Wodini Dresa alikuwa kwenye kitanda cha chuma, kama kile cha vitabu vyake, na nilipomwamkia aliitika marahaba, akaniangalia mikono. Nilikuja mikono mitupu. Hakuuliza.

Chini ya mto wake alitoa kitabu cha kaka. Kilikuwa kimefungwa kwa bandeji, na bandeji ilikuwa imekuwa nyeusi kwa kushikwa.

Alisema, "Uliniuliza swali, nikaondoka barazani. Haikuwa adabu."

Nikamwambia ni zamani.

"Uliuliza, yule mdogo alimjuaje kaka yake." Alipumzika kidogo. Kisha akaniambia kwamba yeye ndiye alikuwa mkubwa kwao, upande wa Kondoa, na kwamba alipoanza kazi misheni alisema atarudi baada ya mavuno mawili. Alirudi baada ya mengi. Alikuwa na shati, viatu na fedha. Wadogo zake waliomfuata kwa kuzaliwa walimtambua wakaja kumsalimu. Mdogo wao wa mwisho alikuwa binti, mwenye mtoto wake tayari.

"Alinipigia goti," alisema. "Akaniletea kigoda, akaniletea maji ya kunywa. Akaniuliza, 'Mgeni anatoka wapi?'"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa. Dresa alingoja amalize.

"Kitabu hiki ni kizuri," alisema. "Kimekosea ukurasa wa mwisho tu."

Hilo ndilo neno pekee nililosikia akilitoa juu ya kitabu chochote. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza siku ile, wakati gari moshi lilikuwa bado halijaondoka. Alisema angenieleza ningebaki kwa ajili ya maneno yake, na mtu anayebaki kwa maneno ya mwingine huondoka njaa ikiingia. Ilibidi ndama awe wangu.

Akanisukumia kitabu. Nilidhani ananiazima, nikajibu kama nilivyozoea, kwamba nitakileta na neno lake. Alitikisa kichwa.

"Huyu si wa kulisha. Umelisha vya kutosha. Huyu ni mtamba wako."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza hakunidai neno. Nilikaa mpaka alipolala.

Nje, Sechelela alikuwa akianika mashuka, katika sare yake. Alinipokea mzigo kabla hajajua ni nini, kama alivyozoea tangu utotoni, akaona kitabu na bandeji yake. Akaniuliza kinahusu nini, na Dresa amesema nini juu yake.

Nilimwambia akisome kwanza.